Uzi: Kutengeneza chuma kinachoonekana chuma kweli kwa GIMP au Photoshop (programu za kuhariri picha). Karibuni tubadilishane ujuzi

#1 Mchora_Mabango (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nachora mabango na vibao vya biashara, na kwa muda mrefu kilichonishinda kabisa kilikuwa chuma. Mbao nilikuwa naiweza, ukuta wa matofali naweza, kitambaa naweza. Chuma, hapana. Siku moja nilimpelekea mteja mwenye gereji kazi niliyoikeshea usiku kucha: herufi za chuma juu ya bamba la chuma. Akaitazama kwenye simu, akaisogeza karibu na macho, akaniambia, "Kijana, mimi nashika chuma toka asubuhi mpaka jioni. Hii ni plastiki ya kijivu." Hakusema kwa ubaya. Aliokota kipande cha bamba pale chini, akakiegemeza juani na kuniambia nikizunguke taratibu. Nikazunguka. Bamba lilikuwa jeusi, likawa jeupe, likachukua bluu ya anga, mwishowe likapata wekundu wa gari lililokuwa pembeni yake.

Pale ndipo nilipoligundua kosa langu. Nilikuwa natafuta rangi ya chuma. Mbao ina rangi yake: mwanga ukiipiga, sehemu unaingia ndani kidogo, unatawanyika, unatoka ukiwa na kahawia. Chuma hakiuruhusu mwanga utawanyike ndani na kutoka. Kinaurudisha kutoka usoni palepale. Kwa hiyo unachokiona juu ya chuma ni vitu vilivyokizunguka, vimepindishwa na umbo lake na kuvurugwa na mikwaruzo yake. Ukijaza kijivu kimoja kilichotulia kila mahali, umetengeneza plastiki, hata uongeze filta kumi juu yake.

Kabla hujafungua kompyuta, nenda jikoni uchukue mfuniko wa sufuria ya alumini, ule uliosuguliwa kwa majivu au stilwaya mpaka una mikwaruzo ya mviringo. Ushike chini ya taa moja. Utaona mng'ao umekaa kama tai ya shingoni ya kipepeo, pembe mbili zinazokutana katikati. Zungusha mfuniko: mikwaruzo inazunguka, mng'ao haubanduki. Mng'ao ni wa taa, mikwaruzo ni ya mfuniko. Taa zikiwa mbili, pembe zinakuwa nne. Nimejifunza zaidi kwenye mfuniko ule kuliko kwenye video zote nilizotazama.

Sasa kazi yenyewe. Natumia GIMP kwa sababu ni ya bure, lakini hatua ni zilezile kwenye Photoshop. Tuanze na bamba la chuma cha pua lililopigwa msasa, kama uso wa jokofu la kisasa.

Fungua picha ya pikseli 3000 kwa 1500, na uiweke kwenye biti 16 badala ya 8 (nitaeleza sababu huko chini). Jaza kijivu cha katikati. Weka filta ya noizi ya RGB (chenga za nasibu), ila ondoa alama ya kila rangi kujitegemea, la sivyo utapata chenga za rangirangi badala ya kijivu. Kiwango cha 0.40 kinatosha kuanzia. Kisha bleri (ukungu) ya mwendo ulionyooka, pembe 0, urefu kama pikseli 100. Chenga zinavutika kuwa mistari, na tayari moyo unaanza kuchangamka.

Hapa wengi wanakwama. Baada ya bleri, mistari inafifia mno na mtu anadhani amekosea. Hajakosea. Bleri ya pikseli 100 inachukua wastani wa chenga 100, na wastani huo hupunguza tofauti za weusi na weupe hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa. Fungua kevu (mstari wa kurekebisha giza na mwanga), uirudishe tofauti hiyo kwa mkono: vuta weusi ndani, vuta weupe ndani, mpaka mistari isimame. Usizidishe, isije ikafanana na nyasi kavu.

Kingine: msasa wa kweli hauachi mikwaruzo ya urefu mmoja. Tengeneza leya (tabaka za picha) mbili, moja ya bleri ndefu ya 200, nyingine fupi ya 30, uchanganye kwa nusu uwazi. Na anza na turubai (eneo la kuchorea) kubwa kuliko unayohitaji, maana bleri huharibu kingo za kushoto na kulia, ukimaliza kata.

Sasa mwanga, na hapa ndipo chuma kinapozaliwa. Leya mpya juu, weka gradienti (rangi inayobadilika hatua kwa hatua) yenye vituo vingi: giza, mwanga mkali, giza la wastani, mwanga hafifu, giza. Hali ya leya, yaani jinsi inavyochanganyika na iliyo chini yake, iwe ovalei au ile ya mwanga mkali. Mwelekeo wake ni muhimu kuliko kitu chochote nilichoandika hadi sasa: mikwaruzo ikilala, mng'ao husimama. Chuma kilichopigwa msasa hutandaza mng'ao kukata mikwaruzo, wala haufuati mikwaruzo. Kwa hiyo kama mistari yako inakwenda kushoto-kulia, mikanda ya mwanga iende juu-chini. Ukiilaza pamoja, jicho la mtu linakataa hata kama yeye mwenyewe hajui kwa nini.

Kwa mfuniko wa sufuria au kitufe cha redio, badala ya bleri iliyonyooka tumia ya kuzunguka, na gradienti iwe ya koni yenye ulinganifu, kitovu chake kikae palepale kilipo kitovu cha bleri.

Karibuni kwa maswali. Kutu sijaigusa makusudi, ina mambo yake.

#2 Kijana_Laptop

Mkuu, ubarikiwe. Hilo la mng'ao kukata mikwaruzo sikuwahi kulisikia, na nimelijaribu sasa hivi, tofauti ni usiku na mchana.

Maswali mawili. Laptop yangu ina RAM ya GB 4 tu, hiyo biti 16 itaiua? Na kuna ulazima gani, wakati mwisho wa siku natoa JPEG?

#3 Mchora_Mabango

Haitakufa mkuu. Piga hesabu: pikseli 3000 mara 1500, kila pikseli ina chaneli nne (nyekundu, kijani, bluu na uwazi), kila chaneli baiti mbili. Hiyo ni kama MB 36 kwa leya moja. Leya sita ni MB 216. Programu itaongeza yake kwa ajili ya kurudisha hatua nyuma, lakini GB 4 inabeba. Funga tu kivinjari wakati unafanya kazi.

Ulazima wake ni huu. Biti 8 inakupa ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. Chukua mkanda wa mwanga unaopanda taratibu kutoka kijivu cha 180 hadi 220 katika upana wa pikseli 3000. Ngazi zilizopo ni 40 tu, kwa hiyo kila ngazi ina upana wa pikseli 75, na jicho linaziona kama vipande vya ngazi ngazi. Chuma laini ndiyo kazi inayofichua ugonjwa huo kuliko zote. Ukifanya kwa biti 16, kevu na gradienti zako zinafanyika bila kuvunjika, na mwishoni unaongeza noizi ndogo sana, hata 0.02, kabla ya kushuka kwenye biti 8. Noizi hiyo inazivuruga ngazi zisionekane. Kama programu yako haikupi biti 16, usiache noizi ya mwisho.

Kuhusu JPEG: mikwaruzo myembamba ni chakula chake. Hifadhi PNG. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha, kwani inabanwa njiani na chuma chako kinafika kikiwa na ukungu.

Jambo jingine, kama unaweza kupata GIMP 3.0 iliyotoka Machi 2025, ichukue. Filta zake zinakaa juu ya leya bila kuiharibu, unaweza kurudi kesho ukabadili urefu wa bleri. Kwenye 2.10 ukishapitisha filta, imepita.

#4 Fundi_Grili

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Mombasa upande wa Likoni, uchoraji wa kompyuta nauanza sasa. Nimesoma uzi huu kwa furaha kwa sababu mengi yaliyosemwa nayajua kwa mikono. Kwa kuwa mwenye uzi ameiwacha kutu, niruhusuni niseme kidogo, maana picha nyingi za kutu nizionazo zimekosea.

Watu huimwaga kutu kama matone ya rangi, popote. Kutu haiko popote. Kutu hufuata maji. Tazama mabati ya paa: bati limepakwa zinki, na zinki ndiyo inayojitoa mhanga kulinda chuma. Inapokwisha, ndipo chuma kinapoliwa. Sasa inakwisha wapi kwanza? Palipokatwa kwa mkasi, penye tundu la msumari, pale bati moja linapolalia jingine maji yakanaswa katikati, na kule chini kwenye ukingo ambako tone husimama kabla ya kudondoka. Katikati ya bati pakavu bado pana rangi ya fedha wakati kingo zimekwisha kuwa nyekundu. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, kazi hiyo huenda mbio zaidi kuliko bara.

Kwenye geti, angalia chini. Vyuma vya juu vizima, vya chini vimekwisha, kwa sababu ya maji ya kuosha baraza na michanga iliyoloa. Angalia pia pale nilipochomelea: moto umeunguza rangi au zinki, pale ndipo kutu inapoanzia ikiwa fundi hakupaka rangi ya kuzuia.

Na tafadhalini, msiweke kutu nyekundu juu ya sufuria ya alumini. Alumini haifanyi kutu hiyo. Hufanya utando mwembamba mno usioonekana, na ikichakaa sana hupata madoa meupe ya unga. Shaba nayo hukoza kahawia, kisha kijani. Mathalan vile vichwa vya shaba vilivyochongoka kwenye milango ya kale ya Mombasa na Unguja: kileleni panang'aa kwa kuguswa na kufutwa, na chini, pale kitambaa kisipofika, ndipo ukijani unapojificha.

#5 Mchora_Mabango

Fundi, nimesimama kukupa heshima. Haya ndiyo niliyoyataka kwenye uzi huu.

Wacha nigeuze maneno yako yawe hatua. Kutu kwa GIMP naianzia kwenye noizi ya mawingu, ile iliyo kwenye filta za kuchora, kiwango cha undani wake kikiwa juu kabisa. Kisha kevu kali mpaka yabaki madoa meusi na meupe. Hiyo siyo rangi bado, hiyo ni maski, yaani ramani ambayo nyeupe huonyesha leya na nyeusi huificha. Sasa fuata maji: kwa brashi laini nyeusi futa madoa ya katikati ya bati, kwa nyeupe ongeza kwenye kingo, misumari na maungio.

Maski hiyohiyo itumie mara tatu. Kwanza, kuonyesha leya ya rangi za kutu. Usitumie chungwa moja; weka kahawia iliyokaribia weusi, mfano 60, 30, 18, kahawia ya kati 120, 58, 25, na chungwa la vumbi 183, 95, 40 kwa uchache, pale palipo pabichi. Pili, igeuze kinyume na uitumie kwenye leya ya mng'ao, ili mwanga uzimike penye kutu. Hili ndilo wengi wanalisahau! Kutu ni unga, siyo chuma tena, haiakisi kama chuma. Ukiona mkanda wa mwanga unapita juu ya kutu bila kukatika, kazi inakuwa stika. Tatu, ipeleke kwenye bampu mapu (filta ya kuigiza mwinuko) iwe na unene kidogo, halafu kivuli cha pikseli moja au mbili pale rangi ya juu inapobanduka.

Michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye msumari: nakili doa, bleri ya mwendo pembe 90, hali ya maltiplai (inayotia giza leya ya chini). Bleri inavuta juu na chini, kwa hiyo futa kilichopanda juu ya msumari. Maji hayapandi.

#6 Mpiga_Picha_Bara

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Kwa nini mtu ateseke saa tatu kuunda kutu wakati nje kuna mabati? Simu ya kawaida leo inatoa picha nzuri. Piga picha bati lenyewe, una kutu ya kweli, iliyofuata maji yenyewe.

#7 Mchora_Mabango

Kwa kutu nakubaliana nawe mkuu, na mimi hufanya hivyo mara nyingi. Ila piga siku ya mawingu au kivulini, kusiwe na jua la moja kwa moja, kwa sababu ukipiga juani unabeba vivuli ambavyo havitapatana na mwanga wa kazi yako. Simama sambamba na bati, usipige kwa mshazari. Na kama unataka tekscha (picha ya uso wa kitu) ya kurudiarudia, isogeze picha nusu upana na nusu urefu, mishono itakuja katikati, uizibe kwa zana ya kunakili.

Chuma king'aacho ni habari nyingine. Ukikipiga picha unapata ukuta wa jirani, anga, na wewe mwenyewe na simu yako mkononi. Hicho nakiunda mwanzo mwisho, nikiwa nimekiweka kielelezo cha kweli pembeni ya meza.

#8 Dada_Kadi

Samahanini, naomba kuingilia na swali la dhahabu. Natengeneza kadi za harusi na michango, na maharusi wote wanataka maandishi ya dhahabu. Kwenye skrini inapendeza, ikichapwa inatoka haradali. Nimeshagombana na watu wawili kwa ajili hiyo na imeniuma sana kwa sababu kadi ni kumbukumbu ya maisha. Nakosea wapi?

#9 Mchora_Mabango

Dada, pole sana. Nijibu upande wa kuchora, wa uchapaji nawaachia wenye mashine.

Dhahabu na shaba ndizo metali zinazotia rangi kwenye kile zinachoakisi. Dhahabu inapunguza bluu. Mwanga mweupe ukiipiga uso kwa uso unarudi takriban 255, 226, 155. Shaba nyekundu ni kama 250, 209, 194. Umeona jinsi zilivyo nyepesi? Watu huanza na njano iliyokolea kama ya bendera na hapo wameshapotea. Ukali wa dhahabu unatoka kwenye giza lake, na giza hilo lisiwe kijivu wala jeusi. Mwanga unaogongana mara mbili tatu ndani ya mikunjo ya dhahabu unazidi kuwa mwekundu kila unapogonga, kwa hiyo vivuli viwe kahawia ya moto, mfano 70, 40, 10, katikati 150, 95, 30. Ruka kutoka giza hadi mwanga ghafla, ndani ya pikseli chache. Gradienti iliyopanda polepole kutoka njano hadi njano ndiyo haradali yenyewe.

#10 Chapa_na_Rangi

Niko kwenye uchapaji, nimalizie hapo.

Dada, wino wa kawaida wa rangi nne hauna chembe ya metali. Hauwezi kung'aa hata mchoraji afanye nini, unaweza tu kuigiza. Na ile njano nyepesi ya skrini inashuka ikigeuzwa kuwa CMYK, yaani rangi nne za wino wa uchapaji. Kabla ya kumwonyesha mteja, geuza wewe mwenyewe uone, na umwonyeshe hiyo. Ugomvi mwingi unaishia hapo.

Anayetaka mng'ao wa kweli ana njia mbili: foili inayobandikwa kwa joto, au wino maalumu wenye chembe za metali. Kwa Pantone (orodha ya namba za wino), 871 ni ya jamii ya dhahabu na 877 ni fedha. Kwa njia zote hizo, faili la maandishi liwe jeusi tupu, vekta (mistari, siyo pikseli), bila gradienti. Nimeletewa mara nyingi dhahabu iliyochorwa kwa ustadi mkubwa ili niipigie foili, ikabidi nimwombe mtu aiondoe yote.

Kwa wenye mabango: A3 ya kushika mkononi ni pikseli 4961 kwa 3508 kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi). Bango la turubai la mita 3 kwa 1 linatosha dpi 100, yaani kama 11811 kwa 3937, maana linatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Ila kumbukeni mikwaruzo ya pikseli moja haitaonekana kwa umbali huo. Ifanyeni mikubwa zaidi, na mikanda ya mwanga iwe mipana.

#11 Dada_Kadi

Asanteni sana kaka zangu wote wawili. Kadi ya Jumamosi naitoa kwa foili, mama wa bibi harusi amekubali baada ya kuona sampuli.

#12 Kijana_Laptop

Wakuu nimemaliza kibao changu cha kwanza, nimekiambatisha. Bamba la chuma cha pua, skrubu nne pembeni, kutu kidogo chini. Naomba mnikosoe bila kunionea huruma.

#13 Fundi_Grili

Kutu umeiweka pahala pake, mashallah. Lakini umesema ni chuma cha pua. Hicho hakiliwi hivyo kirahisi. Ama badilisha skrubu ziwe za chuma cha kawaida na kutu ianzie hapo, ishuke juu ya bamba, au ondoa kutu kabisa. Skrubu mbovu kwenye bamba zuri, hilo tunaliona kila siku.

#14 Mchora_Mabango

Naunga mkono. Bamba lako limekaa vizuri mno, mng'ao unakata mikwaruzo kama inavyotakiwa. Tatizo ni skrubu. Ulichora moja, ukainakili mara tatu, kisha ukazungusha kila moja ili mifereji isielekee upande mmoja. Wazo zuri, fundi wa kweli hazifungi zikalingana. Ila ulipoizungusha leya ulizungusha na mwanga wake. Skrubu ya juu kushoto inawaka upande wa kushoto, ya chini kulia inawaka chini, kama kuna jua nne. Zungusha mfereji peke yake, mng'ao na kivuli vibaki kwenye leya zao bila kuguswa. Ni ule mfuniko wa sufuria tena.

#15 Kijana_Laptop

Nimeelewa. Nimetenganisha mfereji, mng'ao na kivuli, kila kimoja na leya yake. Kutu sasa inaanzia kwenye skrubu mbili za chini tu, inashuka sentimita moja hivi. Toleo jipya liko hapo chini, safari hii PNG.